Gramu Kumi kwa Siku: Kumlisha Mbwa Mwenye Kongosho Dhaifu

Tausi, mbwa wetu, aliinamisha kifua hadi sakafuni, akanyoosha miguu ya mbele na kuacha makalio juu, kama mbwa anayejinyoosha baada ya usingizi. Mbwa anayejinyoosha huinuka. Yeye alibaki vile vile, akihema, macho ameyakaza ukutani. Usiku alikuwa ametapika mara tatu, na asubuhi alilipita bakuli la maji bila kuligusa. Daktari wa mifugo alimbonyeza tumbo kidogo tu, chini ya mbavu, akalia. Kongosho lilikuwa limevimba.

Alipona. Miezi minne baadaye akaugua tena, na mara hiyo ya pili ndiyo iliyonitia uchungu, kwa sababu tayari tulikuwa tunamlisha kile tulichokiita chakula chepesi. Tulikuwa tumebadilisha chakula, tukaamini kazi imekwisha. Tangu hapo nimesoma, nimeuliza na nimepima vingi kwa mizani ya jikoni. Ninaloamini sasa ni kwamba swali tunaloanza nalo sote, yaani nimnunulie chakula gani, ni dogo mno. Swali kubwa ni jumla: mafuta kiasi gani yanaingia mdomoni mwa mbwa huyu kutwa nzima, kutoka mikono yote ya nyumba?

Kongosho ni kiungo chembamba kilichojibanza kando ya mfuko wa tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba. Lina kazi mbili. Moja wengi wanaijua kwa sababu ya kisukari, nayo ni kutengeneza insulini. Ya pili ni kutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula: vya wanga, vya protini na vya mafuta. Vile vikali zaidi, vinavyosaga protini, huhifadhiwa vikiwa vimelala na huamshwa vikishamwagika utumboni. Ugonjwa huanza pale kimoja kati yake, tripsini, kinapoamka kikiwa bado ndani ya kongosho. Kikiamka huwaamsha wenzake, na kiungo kinaanza kujisaga chenyewe. Hapo ndipo yanapotoka yale maumivu, na ndiyo maana shambulio kali haliishii tumboni: figo, ini na mapafu vinaweza kuumia pia, na mbwa akafa ndani ya siku chache.

Mafuta yanaingiaje hapa? Chakula chenye mafuta kikifika mwanzo wa utumbo, mwili hutoa homoni ya kolesistokinini, ambayo huliagiza kongosho limwage vimeng'enya. Kongosho zima hulipokea agizo hilo kila siku bila taabu. Lililokwisha kuumia, ni kama mtu mwenye goti bovu anayeambiwa apande ngazi. Kuna njia ya pili, nayo ni damu yenyewe kujaa mafuta ya aina ya trigliseridi. Yakivunjwavunjwa karibu na kongosho huacha asidi zinazounguza seli zake. Mbwa wa aina ya Miniature Schnauzer wanajulikana sana kwa tatizo hili: wengi wao wana trigliseridi nyingi katika damu hata kama wamelala njaa, na wanene na wembamba wote wamo.

Hata hivyo ni haki kusema kwamba kwa mbwa wengi wanaougua, chanzo hakipatikani. Mafuta ndiyo mshukiwa mkubwa, lakini si peke yake. Wapo waliovamia pipa la taka. Wapo wanene, wapo wenye kisukari au tezi ya shingo iliyolegea, wapo wanaotumia dawa za kifafa kama fenobabitoni na potasiamu bromaidi. Kwetu huku lipo jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulipita haraka: kupe. Mwaka 2000 madaktari wa mifugo wa Onderstepoort, Afrika Kusini, waliandika juu ya mbwa waliopata uvimbe mkali wa kongosho wakiwa wanaugua babesia, ile homa inayoenezwa na kupe. Kwa mwenye mbwa katika Afrika Mashariki, dawa ya kupe ya kila mwezi ni sehemu ya kulilinda kongosho sawasawa na bakuli la chakula.

Kuhusu vipimo nitasema machache. Vimeng'enya vya amilesi na lipesi vinavyopimwa kwa kawaida kwenye damu havitoshi kuthibitisha ugonjwa huu, kwani vinaweza kupanda kwa sababu nyingine au visipande kabisa. Kipimo kinachoaminika zaidi ni kile cha lipesi ya kongosho la mbwa hasa, kilichotokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, kikiambatana na ultrasaundi na macho ya daktari anayejua kumshika mbwa. Si kila kliniki inacho. Uliza mapema, kabla ya siku ya dharura.

Sasa siku za mwanzo za ugonjwa, ambapo ushauri umegeuka kabisa. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kumnyima mbwa chakula siku tatu, nne, hata tano, ili kongosho lipumzike. Watu wengi bado wanafanya hivyo nyumbani, na wanafanya kwa nia njema. Lakini utumbo usiopata chakula hudhoofika, ukuta wake hulegea, na bakteria hupata mwanya wa kupenya kwenda kwenye damu. Mwaka 2011 Caroline Mansfield na wenzake nchini Australia walichapisha utafiti mdogo uliohusu mbwa wenye shambulio kali. Waliolishwa mapema kwa mpira uliopitishwa shingoni hadi kwenye umio walivumilia vizuri, na walitapika mara chache kuliko waliolishwa kwa mshipa. Siku hizi daktari humwekea mbwa dripu, humpa dawa ya kuzuia kutapika na dawa ya maumivu, kisha hujaribu kumlisha vijiko vichache vya chakula kisicho na mafuta mara tu kutapika kunapodhibitiwa, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Dawa ya maumivu nayo ni sehemu ya lishe, kwa sababu mbwa anayeumwa tumbo hali. Usimpe panado wala dawa nyingine ya binadamu kutoka kabatini.

Akisharudi nyumbani ndipo hesabu inapoanza, na hapa naomba msomaji avumilie tarakimu kidogo.

Wataalamu wa lishe ya mbwa hawapimi mafuta kwa asilimia. Hupima gramu za mafuta kwa kila kilokalori 1,000, kwa sababu fungu la mbwa hupangwa kwa nguvu anazohitaji, si kwa uzito fulani wa chakula. Kwa mbwa aliyewahi kuugua, mara nyingi hulengwa chini ya gramu 30, na kwa yule anayerudiwa-rudiwa au mwenye damu ya mafuta, gramu 20 au pungufu. Vyakula vya hospitali vilivyotengenezwa kwa kazi hii, kama Royal Canin Gastrointestinal Low Fat, Hill's i/d Low Fat na Purina EN Low Fat, vinazunguka kwenye hiyo gramu 20.

Chukua mfuko wa kawaida wa chakula kikavu ulioandikwa mafuta asilimia 14 na kilokalori 3,500 kwa kilo. Asilimia 14 ya kilo moja ni gramu 140. Gawa kwa 3.5, unapata gramu 40 kwa kila kilokalori 1,000. Hiyo ni mara mbili ya kile Tausi anachoruhusiwa. Sasa chukua kopo la nyama laini lililoandikwa mafuta asilimia 5. Jicho linafurahi: tano ni ndogo kuliko kumi na nne! Lakini kopo limejaa maji, na kilo yake nzima ina kilokalori 1,000 hivi tu. Asilimia 5 ya kilo ni gramu 50, kwa hiyo ni gramu 50 kwa kila kilokalori 1,000. Kopo lililoonekana jepesi limeushinda mfuko kwa mafuta. Hilo ndilo kosa tulilofanya sisi baada ya shambulio la kwanza, na kila nikiingia duka la vyakula vya mbwa namwona mtu mwingine akilibeba kopo lile lile kwa imani ile ile. Angalia pia kama mfuko unataja kiwango cha chini cha mafuta. Kiwango cha chini ni ahadi kwamba hayatapungua hapo. Kuzidi yanaweza. Ikiwa kilokalori hazikuandikwa popote, acha mfuko huo dukani.

Tausi ana kilo 8, amefungwa kizazi, na anahitaji kama kilokalori 500 kwa siku. Kwa kipimo cha gramu 20 kwa 1,000, fungu lake la siku nzima ni gramu 10 za mafuta. Kumi, basi. Ukishaijua namba hiyo, jiko la nyumbani linaonekana kwa sura mpya. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina gramu 14, kwa hiyo siku imeshapita mpaka. Yai moja lina gramu 5, nusu ya siku, na karibu zote ziko kwenye kiini. Karanga karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, kwa hiyo gramu 20 za karanga, konzi ya mtoto, ni siku nzima. Ngozi ya kuku iliyopikwa ina mafuta kama asilimia 40. Tui zito la nazi lina mafuta karibu robo ya uzito wake, na ndiyo sababu mabaki ya wali wa nazi au mchicha wa nazi ni hatari kwa mbwa huyu, hata kabla hujafikiria vitunguu vilivyomo, ambavyo ni sumu kwa kila mbwa. Parachichi lina mafuta mengi. Makadamia, ambayo Kenya ni miongoni mwa wazalishaji wake wakubwa duniani, robo tatu ya uzito wake ni mafuta, na juu ya hayo yanamdhuru mbwa kwa sumu yake. Mwenye shamba la makadamia kule Embu au Murang'a na mbwa mwenye kongosho bovu ana kazi ya kuokota kila asubuhi.

Mifupa ndiyo mada inayoleta ubishi mkubwa. Kwetu mbwa na mfupa ni kitu kimoja, na anayemnyima mbwa mfupa huonekana mkatili. Lakini uboho ndani ya mfupa ni mafuta matupu, na mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Supu ya makongoro, nundu, mkia wa kondoo, vipande vyeupe ambavyo mwenye bucha huvikusanya kwa ajili ya mbwa na kuviuza kwa bei ya kutupa: vyote hivi viondoke kabisa kwenye bakuli lake. Siku za hatari zaidi ni sikukuu. Idi, Krismasi, harusi, matanga, siku ambazo nyama ni nyingi na kila mgeni ana mkono mwepesi.

Je, chakula chetu cha kila siku kina ubaya? Hapa nataka kuutetea ugali. Ugali wa sembe una mafuta kidogo sana, na wali mweupe uliochemshwa bila mafuta vile vile. Tatizo huwa katika kinachoambatana navyo. Dagaa wakavu wana mafuta yao, wana chumvi na wana mchanga. Konzi moja ni sawa kwa mbwa mzima, si kwa huyu. Kuna nyama nzuri ambazo tunazipuuza: kidari cha kuku kilichovuliwa ngozi, minofu ya sato, firigisi zilizosafishwa, nyama ya mbuzi isiyo na mafuta. Mbuzi wa kuchemsha aliyeondolewa mafuta ana gramu 3 hivi za mafuta katika gramu 100, hazidi kidari cha kuku. Kama ni lazima kumpa mchuzi, chemsha nyama bila mafuta wala kitunguu, uweke kwenye friji usiku kucha, kisha asubuhi uondoe tabaka lote jeupe lililoganda juu.

Wali gramu 250 na kidari gramu 100, vyote vikiwa vimepikwa, vinampa mbwa wa kilo 8 kilokalori 490 na mafuta gramu 4 na kitu. Kwa siku chache baada ya ugonjwa, hakuna chakula rahisi na salama kama hicho. Kwa miezi ni njaa ya siri. Kalsiamu karibu hakuna. Zinki, shaba, madini joto na vitamini D na E havitoshi. Hata mafuta yenyewe hayatoshi, maana kiwango cha chini kinachotumika Marekani kwa mbwa aliyekomaa ni gramu 13.8 kwa kilokalori 1,000, na sahani hii haifiki hata 9. Mbwa anahitaji asidi fulani za mafuta kwa ngozi na seli zake. Hapo ndipo watu wenye bidii kama mimi tunapoanguka: tukishaogopa mafuta tunataka yafike sifuri. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha uchambuzi wa mapishi 200 ya nyumbani ya mbwa, na asilimia 95 yalipungukiwa na angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Mengine yaliandikwa na madaktari wa mifugo. Anayetaka kumpikia mbwa wake maisha yote, na ni haki yake hasa pale mfuko wa hospitali unapomshinda bei, amwombe daktari ampangie pishi kamili lenye madini na vitamini vyake. Kliniki za vyuo, kama SUA Morogoro au Kabete Nairobi, ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza.

Mbwa wote hawana safari moja. Kijana aliyeugua mara moja baada ya kuvamia jalala anaweza kukaa kwenye chakula cha mafuta kidogo wiki kadhaa, kisha akarudishwa polepole kwenye chakula cha mafuta ya wastani. Anayerudiwa, au mwenye trigliseridi nyingi, atabaki kwenye chakula cha mafuta kidogo maisha yake yote, na damu yake ipimwe baada ya kufunga saa 12, ikilengwa chini ya miligramu 500 kwa desilita. Mnene apunguzwe uzito taratibu, asilimia moja hadi mbili kwa wiki. Mwenye kisukari ale kwa saa zisizobadilika pamoja na insulini yake. Na yule anayekonda huku anakula sana, kinyesi chake kikubwa, kimepauka na kina mafuta, huenda kongosho lake limechoka kutengeneza vimeng'enya. Huyo anahitaji vimeng'enya vya kuongezwa kwenye chakula, na kumbana mafuta kupita kiasi kunaweza kumkondesha zaidi. Vimeng'enya hivyo hivyo kwa mbwa asiye na upungufu huo ni fedha iliyotupwa. Mafuta ya samaki yanaweza kusaidia kushusha trigliseridi, kwa kipimo cha daktari, lakini yaingie kwenye hesabu ya gramu. Mafuta ya nazi, yanayosifiwa sana kama dawa ya kila kitu, sioni sababu yoyote ya kumpa mbwa huyu.

Mengine ni mepesi. Chakula cha siku kigawanywe mara tatu au nne, maana mlo mkubwa mmoja hulisumbua kongosho zaidi. Chakula kipya kichanganywe na cha zamani kwa siku 7 hadi 10. Uzito uandikwe kila wiki.

Kigumu ni watu. Baada ya shambulio la pili nilikaa na mama yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Tanga kukaa nasi, na ambaye kila jioni alimwekea Tausi matonge mawili matatu ya wali wake.

"Mwanangu, hata mnyama anataka ladha," aliniambia. "Chakula kikavu hicho atakila mpaka lini?"

"Mama, ule wali wa nazi ndio nadhani umemrudisha hospitali."

Alinyamaza kidogo. "Basi niambie nimpe nini. Kumtazama anavyonitazama, kisha nikamaliza peke yangu, mimi siwezi."

Jibu lake lilinifundisha zaidi ya kurasa nyingi nilizosoma. Nilikuwa nikikataza tu, na katazo lisilo na mbadala halidumu katika nyumba yenye mzee, watoto, dada wa kazi na mlinzi getini. Mapenzi ya watu hawa kwa mbwa ni ya kweli, na yanatoka kwa njia ya chakula kwa sababu ndivyo sote tulivyolelewa. Tuliweka kopo moja lenye kifuniko juu ya friji. Asubuhi napima chakula cha Tausi cha siku nzima na kukitia humo, na yeyote anayetaka kumpa kitu anachota humo, hachoti kwingine. Pembeni kuna bakuli la karoti za kuchemsha, vipande vya tango, viazi vitamu na papai lisilo na mbegu. Mama humpa tango kwa mkono, kipande kimoja kimoja, wakati ule ule wa jioni, na Tausi humngojea mlangoni kama zamani. Mlinzi naye nilimweleza kwa kumwonyesha mbwa, nikamwambia kipande cha nyama ya mafuta kwake ni usiku wa maumivu. Hakuhitaji maelezo mengine.

Kama una mbwa aliyewahi kuugua kongosho, akitapika zaidi ya mara moja na kukataa chakula, au ukimwona ameinama kifua chini makalio juu na hainuki, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Usingoje asubuhi.